Naomba Hati ya Kuwa Hai

Haralampi Kutsarov,
Nyumba ya mwisho, njia ya kisimani,
Suhodren.
Jumamosi, 27 Desemba.

Kwa Mheshimiwa Bi. Rumyana Toteva,
Meya wa Kijiji cha Suhodren.

Mheshimiwa Meya,

YAH: WATOTO WANAOAMINI KUWA MIMI NI MAREHEMU, NA HATUA NINAZOOMBA ZICHUKULIWE

Pokea kwanza salamu zangu, na kama utashtuka kupata salamu kutoka kwangu, basi jua kwamba hapo hapo ndipo lalamiko langu linapoanzia.

Mimi si mtu wa kulalamika. Katika miaka thelathini na mmoja niliyosahihisha prufu, yaani nakala za majaribio, kwenye kiwanda cha uchapaji mjini, nililalamika mara tatu tu, na mara zote tatu ilikuwa ni kuhusu alama ya mkato. Najua ofisi yako ina bomba la maji lililopasuka kwa baridi na theluji isiyo na wa kuizoa. Lakini yaliyonifika yamezidi mkato, na nimeona niyaandike kwa utaratibu, kwa namba, ili asitokee mtu wa kusema kuwa mzee Lambi, kama mnavyoniita, amechanganyikiwa. Wanaosema hivyo tayari, naomba wasubiri wasome mpaka mwisho.

Kwanza historia. Kama unavyokumbuka, kaka yangu Pantelei alifariki miaka minne iliyopita, mwezi wa Novemba. Wewe mwenyewe ulikuja na sufuria la maharage. Kwa desturi yetu nilikwenda mjini kuchapisha tanzia za kubandika langoni, dukani, kituo cha basi, na kwenye ule mti mrefu mbele ya ofisi yako, ambao siku hizi una marehemu wengi kuliko majani. Pale dukani kwa mchapishaji wakataka picha. Pantelei hakuwa na picha ya peke yake, maana hakuwahi kusimama peke yake mahali popote. Nikawapa ile ya harusi ya binamu yetu, sisi wawili tumeshikana mabega, masharubu sawasawa, kofia sawasawa. Nikamwambia yule binti mhudumu amkate wa kushoto. Sikusema kushoto kwa nani.

Prufu ikaja. Niliisoma mara tano. Jina sawa, tarehe sawa, na nilifuta hata nafasi moja iliyozidi baada ya neno "daima". Picha sikuitazama. Katika kazi yetu picha si maandishi, ina mtu wake. Ndiyo maana kwa miaka minne uso wangu mimi umekaa langoni kwangu, ndani ya fremu nyeusi, juu ya jina la kaka yangu.

Watu wazima hawakujali. Walimbeba Pantelei mabegani na walijua vizuri aliyekuwa ndani ya jeneza, maana alikuwa mzito. Ila watoto hawabebi majeneza. Mtoto hutazama picha, kisha hutazama dirishani, akamwona mtu yule yule anakunywa chai.

Mimi nami, nikiri, tangu wakati huo sijawa mtu wa kutoka. Mkate naletewa na gari la mkate, na tanzia mpya ya kila mwaka dereva huyo huyo huniletea kutoka mjini, na picha ile ile, kwa kuwa nyingine haipo. Pantelei ndiye aliyekuwa akizungumza kwa niaba yetu sote wawili. Alipoondoka, watu walikuja kunipa pole siku mbili mfululizo, na siku ya tatu nikafunga lango kwa sababu nilikuwa nimemaliza maneno yote niliyokuwa nayo.

Sasa malalamiko.

1. Upelelezi.

Watoto ni watano. Kiongozi wao ni Nedelina, mwenye umri wa miaka tisa, mjukuu wa Bibi Stoyna wa lango la bluu. Msaidizi wake ni Kamen, binamu yake mwenye miaka sita, aliyeletwa kwa bibi mwezi wa Agosti kutoka Valensia, ng'ambo, mama yake anakofanya kazi. Watatu waliobaki siwezi kuwataja majina kwa kuwa huwa naona kofia zao tu juu ya ukuta.

Tangu Agosti wananichunguza kutoka kwenye ukuta wa upande wa mti wa plamu, kwa zamu, na wana daftari. Mwezi wa Septemba daftari hilo lilianguka upande wangu, nami nikalisoma, jambo ambalo ni haki ya mtu anayeandikwa. Nanukuu:

"Saa mbili na dakika kumi. Malehemu amefungua dilisha."

"Saa nne. Malehemu amekula supu ya malagwe. Hakutia chumvi."

"Saa tano kasolobo. Malehemu ameanika soksi moja."

Mheshimiwa Meya, soksi zilikuwa mbili. Moja ilianguka nyuma ya pipa la kabichi ya kuchachusha. Lakini lililoniumiza zaidi ni hayo maandishi. Nilijaribu kulirudisha daftari kama lilivyo, nikashindwa. Nikatoa kalamu nyekundu, nikasahihisha kurasa kumi na nne, nikaandika mwishoni "Bidii inaonekana", na kuliweka juu ya ukuta chini ya jiwe.

Jumamosi iliyofuata daftari lilikuwa pale pale chini ya jiwe, lina kurasa mpya. Na Jumamosi ya baada ya hiyo. Kwa hiyo mimi ninayepelelezwa ndimi ninayewasahihishia taarifa za upelelezi, na sasa najikuta Ijumaa nikichonga penseli na kufuta meza kama vile natarajia mgeni. Maendeleo yapo. "Dirisha" ameshalipata. "Maragwe" ameshalipata. Lakini neno "marehemu" nimemwandikia pembeni mara kumi na moja, na Nedelina anaendelea na L yake. Nilimsikia kwa masikio yangu nyuma ya ukuta akiwajibu wenzake: "Yeye ndo malehemu, sisi ndo tunaandika. Atulie."

Nimefanya kazi na wahariri wakuu watano na hakuna aliyewahi kunijibu hivyo.

2. Kulishwa chakula cha matanga yangu mwenyewe.

Jumamosi ya Wafu, mwanzoni mwa Novemba, nilikuta ukutani bakuli la ngano ya kuchemsha, limenyunyiziwa sukari, na mshumaa mdogo umechomekwa katikati. Ni ile ngano ambayo wewe na mimi tunawapelekea wetu makaburini. Hii ililetwa kwangu. Jina langu halikuwepo, ila bakuli lilikuwa limegeuziwa upande wa dirisha langu la jikoni, hivyo hapakuwa na shaka mlengwa ni nani.

Nilitafakari kwa muda kama mtu aliye hai anaruhusiwa kuila. Kisha nikaila. Sukari haikutosha na ngano ilikuwa haijaiva katikati, na naomba hili liingizwe kwenye kumbukumbu. Bakuli nikaliosha, nikalirudisha. Kumbe kosa. Jumamosi hiyo hiyo daftari lilisema: "Malehemu wanaosha vyombo", yaani kutokana na mimi mmoja wamepata kanuni ya wafu wote duniani. Wiki iliyofuata bakuli likaja kubwa zaidi na biskuti mbili juu. Sisemi kwamba nilizikataa.

3. Jaribio la ulezi.

Bibi Stoyna, ambaye ana umri wa kutosha kujua la kusema mbele ya watoto na la kumeza, amewaambia kwamba mfu asiyetulia kaburini ukimmwagia ulezi mlangoni hawezi kupita mpaka auhesabu wote, punje kwa punje. Asubuhi moja nikakuta kama nusu kilo ya ulezi imemwagwa kwenye ngazi zangu.

Mtu mwenye akili angefagia. Mimi ufagio wangu ulikatika mpini mwezi wa Mei, na panya wa Suhodren unawajua. Nikakaa kwenye ngazi nikaanza kuokota. Sasa, Mheshimiwa, mtu aliyetumia miaka thelathini na mmoja kutazama herufi moja moja akianza kuokota kitu kimoja kimoja, hesabu hujifanya yenyewe. Nilikuwa nimefika elfu moja mia nne na kumi na mbili nilipopiga chafya. Nikapoteza idadi. Nikarudi kwenye moja.

Juu ya ukuta kofia tano zilikuwa zimepangana kama zipo kanisani. Kisha sauti moja ikanong'ona, kwa huzuni kabisa: "Anaanza upya, jamani."

Walikaa pale saa mbili na baridi ile. Nakiri kuwa ningeweza kumaliza kwa saa moja.

4. Lalamiko hili nimelifuta. Lilimhusu paka wangu, na paka ameshasamehe.

5. Kutoelewana kwa kichwa.

Hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi na bahasha.

Wiki mbili zilizopita, siku ya ukungu, Kamen alikuja peke yake. Hakuja ukutani. Alikuja langoni, akasimama chini ya tanzia, akaingiza vidole kwenye nondo. Mimi nilikuwa uani nafunika pipa la kabichi. Akaniambia, kwa adabu ambayo binamu yake hana: "Babu, samahani. Eti umekufa kweli?"

Mheshimiwa Meya, katika miaka minne huyo ndiye mtu wa kwanza kusimama langoni kwangu na kuniuliza swali lisilohusu mita ya umeme. Nilitaka kumjibu vizuri. Nilikuwa na sentensi nzima tayari, na kiima chake na kiarifu chake. Lakini nilikuwa sijazungumza tangu Jumanne, na sauti iliyokaa bila kazi ni kama komeo, hushika kutu. Nikafungua kinywa, hakikutoka kitu. Basi nikajibu kwa kichwa. Nilikataa kama tunavyokataa sote hapa, tangu enzi za babu zetu: nikainua kichwa juu, nikakishusha.

Mtoto amekulia Valensia. Huko kichwa kikipanda na kushuka, maana yake ndiyo.

Akaitazama tanzia, akanitazama mimi. Kisha akasema, "Pole, babu," akapitisha chungwa moja dogo kati ya nondo, akaliweka chini taratibu, akaondoka. Nilikimbilia langoni nikitikisa kichwa kulia na kushoto ili kumrekebisha kwa lugha yake, na hapo ndipo Bibi Stoyna alipokuwa akipita njiani, akaona nimeshika nondo nikitikisa kichwa, yaani kwa lugha yetu nasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, peke yangu, ndani ya ukungu. Alichokwenda kusimulia benchi la dukani nadhani kimeshakufikia.

Kwa hiyo nimepokea rambirambi za kifo changu mimi mwenyewe, na chungwa. Nililia kidogo. Hilo naomba lisiingizwe kwenye faili.

6. Kurukwa siku ya fimbo za heri.

Nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo zito, na kama huna muda, ungeweza kuanzia hapa.

Wewe unajua mwaka mpya ulivyokuwa nyumbani kwetu enzi za Pantelei. Saa mbili asubuhi watoto wa kijiji kizima walikuwa wamejaa sebuleni na fimbo zao zilizopambwa sufu na bisi na matunda makavu, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza kumgonga mgongoni na kumtakia afya. Pantelei aliinama, akawa anaguna kwa kila fimbo kama anayepigwa kweli, na watoto wakawa wanacheka mpaka wanasahau mashairi yao. Kisha akawavisha shingoni uzi uliotungwa vikate vya mviringo kama pete, akawajaza mifuko.

Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya mlango wa jikoni nikisubiri waishe. Kelele zilinichosha na mashairi yao yalikuwa na makosa. Lakini kila mwaka kulikuwa na mtoto mmoja aliyepotea njia ya kutokea, akanikuta pale jikoni, akanigonga mgongoni haraka haraka, "afya, babu," akatoka mbio. Fimbo moja kwa mwaka. Nilidhani sizihesabu.

Sasa ni miaka minne. Mwaka wa kwanza nilielewa, nyumba ya msiba haigongwi mlango. Mwaka wa pili nilisema labda theluji. Mwaka wa tatu na wa nne nilisimama dirishani nikaona kwa macho yangu: wanatoka kwa Bibi Stoyna, wanafika usawa wa lango langu, wanavuka upande wa pili wa barabara, wanapita, wanavuka tena kurudi, wanaingia kwa Dimo mfuga nyuki, ambaye huwarushia kiatu. Kiatu cha Dimo wanakiona bora kuliko mimi. Na siwezi kuwalaumu, kwani nani anapoteza fimbo yake kumtakia afya mtu mwenye tanzia?

Kila mwaka mimi huoka vikate. Huvitunga kwenye uzi, naviweka kwenye msumari karibu na mlango, kama alivyokuwa akivitundika yeye. Hukaa pale hadi sikukuu ya kubariki maji, tarehe sita, kisha naviloweka kwenye chai na kuvila mwenyewe. Ni vigumu. Jino langu la kushoto, kushoto kwangu mimi, liliondoka na kikate cha mwaka juzi.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nipo, Mheshimiwa Meya. Nipo kabisa. Ninakula, naanika soksi, tena mbili. Ninalotaka ni jambo hili litambuliwe na mamlaka.

Utauliza, basi si uing'oe hiyo tanzia mwenyewe? Swali zuri, nami nina jibu. Desturi yetu hairuhusu tanzia kung'olewa kwa mkono. Ni mvua na upepo ndivyo vinavyoiondoa, kwa wakati wake. Mimi ni mtu wa desturi.

Na utanikumbusha yale uliyonishauri majira ya kuchipua mwaka huu, uliposimama nje ya ukuta ukasema kwa sauti, bila hata kuniona: "Lambi ndugu yangu, fungua hilo lango, ukae nje watu wakuone. Dawa ni hiyo tu." Niliuchukua ushauri huo kwa uzito. Nimetafuta ni kanuni gani ya serikali za mitaa inayousimamia, sijaipata.

Kwa hiyo, badala yake, naomba yafuatayo:

(a) Ofisi yako initolee Hati ya Kuwa Hai, yenye muhuri na picha, ibandikwe langoni kando ya tanzia, kwa herufi zisizo ndogo kuliko za tanzia. Natambua kuwa picha zote mbili zitakuwa moja, na kwamba mpita njia atahitaji kusoma. Watoto wa kijiji hiki, nashukuru, wanaendelea vizuri na kusoma.

(b) Ikiwa sheria hairuhusu, basi nitangazwe rasmi kuwa nimekufa na nipewe haki kamili za marehemu, zikiwemo ngano iliyoiva na sukari ya kutosha. Hali ya katikati niliyo nayo sasa haina heshima kwa upande wowote.

(c) Watoto wote watano waadhibiwe kwa makosa yaliyotajwa namba 1 hadi 3 na 5. Napendekeza adhabu yenyewe ili nisikusumbue: wafikishwe nyumbani kwangu tarehe mosi Januari saa mbili kamili asubuhi, kila mmoja na fimbo yake ya heri, wanigonge mgongoni mpaka nitakaporidhika, huku wakisoma shairi zima la afya bila kosa. Atakayekosea arudie. Nedelina atarudia neno moja lenye R mpaka litoke. Adhabu ni kali, najua, lakini mimi nimevumilia vya kutosha, na sitawaruhusu kuondoka mpaka kila mmoja awe amevishwa vikate.

Nisalimie mumeo Bwana Iliya na goti lake. Nisalimie dereva wa gari la mkate, na mama wa posta anayesukuma barua zangu chini ya lango kisha anakimbia, mwambie nasikia viatu vyake na simlaumu. Msalimie Dimo na nyuki wake. Msalimie zaidi Bibi Stoyna, na mwambie kuwa nimepata habari ya alilosema pale benchi la dukani, kwamba "Lambi hajafa, yuko mazoezini tu." Mwambie nilicheka. Nilicheka peke yangu, lakini nilicheka sana.

Wako mtiifu, na aliye hai mpaka itakapothibitishwa vinginevyo,

Haralampi Kutsarov
(msahihishaji mstaafu)

Tanbihi. Nilikuwa nimeshalamba bahasha niliposikia jiwe la ukutani likisogezwa. Leo ni Jumamosi. Daftari limekuja, nimelisoma, na sasa inanibidi nirekebishe mambo mawili katika barua hii. Sitaiandika upya, kwa sababu mtu aliyeishi kwa kuwasahihisha wengine astahili aonekane amekatwa kwa kalamu nyekundu walau mara moja.

La kwanza. Yale niliyoandika kuhusu tanzia na desturi, yafute. Tanzia iliondoka zamani. Upepo wa Oktoba uliing'oa, ikaruka hadi shamba la Dimo, kwa wakati wake, sawasawa na desturi. Siku ile nilinyoa ndevu. Nilivaa koti la harusi nikasimama nyuma ya lango, nikisema sasa watakuja wanione mzima. Siku tisa, Mheshimiwa Meya, hata kofia moja haikuonekana ukutani. Lango lisilo na kitu lina mzee tu nyuma yake, na wazee Suhodren hakuna aliyepungukiwa nao. Siku ya kumi nikapanda basi kwenda mjini, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, nikachapisha tanzia nyingine. Yule binti wa duka, ambaye sasa ana watoto, aliuliza kama safari hii tubadilishe picha, ameona kuna makosa. Nilimwambia aache yule yule. Nilikoroga gundi ya unga mwenyewe, nikaibandika kwa mikono yangu hii. Siku ya kumi na moja kofia zilirudi zote tano. Pantelei angekuwepo angenicheka mpaka akae chini, na ningempa haki yake.

La pili ni hili lililoandikwa leo, kwa mwandiko wa Nedelina:

"Taarehe moja, saa mbili asubuhi. Tunaingia kwa malehemu. Tunampiga fimbo za heri mgongoni, wote. Kamen anasema hata malehemu anahitaji afya, tena yeye zaidi. Akifufuka tunampa pole. Asipofufuka tunakula vikate, tumeviona vimetundikwa."

Nimelitazama neno lile lenye L kwa muda. Kalamu ilikuwa mkononi. Nimeliacha kama lilivyo, nimesahihisha "taarehe" tu, nimelirudisha daftari chini ya jiwe.

Kwa hiyo, tafadhali, ombi (a), (b) na (c) nayaondoa yote. Hati ya Kuwa Hai usinipe. Hata kama imeshaandaliwa na muhuri umepigwa, ifungie kwenye droo, na usimwambie mtu yeyote, hasa wa benchi la dukani, kwamba nilikuandikia. Hakuna mtoto atakayeamka asubuhi ya baridi kuja kumfufua mtu mwenye cheti. Mpaka saa sita mchana ya siku hiyo mimi ni marehemu, na naomba ofisi yako iniheshimu hivyo.

Ukipita njia ya kisimani asubuhi ile, utaniona nimesimama uani, nimeligeuzia lango mgongo. Usinisalimie.

H. K.